Sura ya Sita: Darubini Isiyo na Kioo

Tarehe 15 Novemba 1972, roketi ndogo ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la chuma lililosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba satelaiti isiyofika kilo 200, iliyoitwa SAS-2. Satelaiti hiyo ilizunguka juu ya ikweta ikinasa miale ya gama inayotoka angani, hadi tarehe 8 Juni 1973 mfumo wake wa umeme ulipokufa. Kwa muda usiotimia miezi saba ilikusanya chembe takriban 8,000 za nuru ya gama. Kwa viwango vya leo ni mavuno madogo mno, lakini yalitosha kuchora ukanda wa galaksi yetu uking'aa kwa gama, na kuonyesha kwamba ndani ya ukanda huo mna vyanzo vinavyojitegemea: pulsari ya Crab, pulsari ya Vela, na kingine ambacho hakuna aliyekijua, kilichokuja kuitwa Geminga. Ilichukua takriban miaka 20 kuthibitisha kwamba hicho nacho ni pulsari, yaani nyota ya nutroni inayozunguka kwa kasi.

Safari ile ilikuwa imeamuliwa zamani, mezani, kwa kalamu na hesabu. Carl Fichtel wa Kituo cha Goddard cha NASA na wenzake walikuwa wameshajibu maswali yanayomkabili kila anayepanga chombo cha gama: kisimame wapi, kinase vipi, kiache nini, kitazame upande gani, na kife namna gani. Mwaka 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha Watanzania kwamba kupanga ni kuchagua. Katika fani hii usemi huo hupimwa kwa kilo na kwa wati. Ukibeba kimoja, kingine unakiacha chini, na roketi ikishaondoka huna tena nafasi ya kubadili mawazo.

Nitayachukua maswali hayo moja baada ya jingine, kwa kufuata vyombo vilivyopangwa kweli na kurushwa kweli. Katika kila swali tutakutana na jambo lilelile: chombo cha gama hufanikiwa kwa kadiri kinavyojua kukataa kisichotakiwa.

Wachache kati ya wengi

Gama ni nuru, sawa na ile inayoingia machoni mwetu, ila kila chembe yake, yaani kila fotoni, ina nishati kubwa kupita kiasi. Fotoni ya mwanga tunaouona ina nishati ya elektrovolti mbili au tatu. Gama huanzia kwenye laki moja hivi na kupanda hadi mabilioni ya elektrovolti na zaidi. Hakuna joto la nyota linaloweza kutoa nuru kama hiyo. Hutoka mahali palipo na msukosuko mkubwa: kwenye nyota za nutroni zinazozunguka kwa kasi, kwenye mikondo inayofyatuliwa kando ya mashimo meusi, kwenye mabaki ya nyota zilizolipuka, na popote ambapo chembe za kosmiki zinagongana na gesi iliyotanda kati ya nyota. Mwanafizikia Philip Morrison aliyaeleza mengi ya haya mwaka 1958, kabla hata fotoni moja ya gama haijanaswa kutoka nje ya mfumo wetu wa jua.

Angahewa, inayotulinda na miale hiyo, huizuia yote isifike ardhini. Anayetaka kuinasa moja kwa moja lazima apande juu ya hewa. Marekani ilifanya hivyo Aprili 1961 kwa satelaiti ya Explorer 11, na matokeo yake yanafaa kukumbukwa na kila mpangaji: ilinasa fotoni 22 za gama, huku chembe za kosmiki zilizopita ndani yake zikiwa takriban 22,000. Kwa kila kimoja kilichotafutwa, elfu moja visivyotafutwa.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Hata chanzo kinachong'aa kuliko vyote vya kudumu hutoa fotoni chache. Pulsari ya Vela huzunguka mara 11 kwa sekunde na kutupa mwali wake kuelekea kwetu katika kila mzunguko. Hata hivyo, darubini kubwa kabisa ya gama iliyoko angani leo hupata kutoka kwake fotoni moja hivi kwa kila dakika mbili, yaani baada ya mizunguko zaidi ya elfu moja. Mpangaji huanza na uchache huo, kisha ajiulize maswali yake.

Pa kusimama

Swali la kwanza ni njia ambayo chombo kitapita angani. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zilizonaswa na usumaku wake. Mahali pamoja, juu ya Amerika ya Kusini na sehemu ya kusini ya Bahari ya Atlantiki, mkanda huo hushuka chini kuliko kwingine. Satelaiti inayopita hapo hupigwa na protoni nyingi kiasi kwamba vitambuzi vyake hubidi kuzimwa au kupunguzwa nguvu. Hata baada ya kuvuka, metali za chombo chenyewe hubaki na mionzi iliyopandikizwa na zile protoni, na mionzi hiyo ni gama. Chombo kinaanza kujiangazia chenyewe.

Njia ya kukwepa balaa hilo ni kuzunguka juu ya ikweta, ambako satelaiti hugusa ukingo tu wa eneo lile. Kuna faida ya pili: usumaku wa dunia una nguvu zaidi ya kusukuma chembe za kosmiki mtu akiwa karibu na ikweta, kwa hiyo hata kelele za kawaida hupungua. Ndiyo maana maji ya Ngomeni, karibu digrii tatu kusini mwa ikweta, yalikuwa mahali pa thamani. Profesa Luigi Broglio wa Italia aliliona hilo mapema, na chini ya mradi wake wa San Marco roketi za Scout zikaanza kuruka kutoka baharini mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, jukwaa lilelile lilirusha satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei, ikapewa jina Uhuru. SAS-2 ikafuata baada ya miaka miwili.

Ikweta ina faida ya tatu inayowagusa wahandisi wa mawasiliano. Satelaiti iliyoinama kwa digrii nyingi hupita juu ya kituo fulani cha ardhini mara chache kwa siku. Inayozunguka juu ya ikweta hupita juu ya kituo kilekile katika kila mzunguko, takriban kila saa moja na nusu. Kituo kimoja tu, kikiwa mahali sahihi, hutosha. BeppoSAX ya Italia na Uholanzi, iliyorushwa mwaka 1996, ilipangwa hivyo: data zote za mzunguko mmoja zilihifadhiwa ndani ya chombo, kisha zikateremshwa kwa dakika chache kila kilipopita juu ya Malindi. AGILE, chombo cha gama cha Italia kilichorushwa kutoka India mwaka 2007, kilifuata mpango huohuo hadi kilipomaliza kazi mwaka 2024.

Wapo waliochagua kinyume. Chombo cha Ulaya kiitwacho INTEGRAL, kilichorushwa Oktoba 2002 kutoka Baikonur, kiliwekwa kwenye njia ndefu yenye umbo la yai, iliyokipeleka hadi umbali wa zaidi ya kilomita 150,000 na kukirudisha kila baada ya siku tatu. Huko mbali hakuna mikanda ya kukatiza kazi, na chombo kinaweza kukodolea chanzo kimoja kwa siku nzima bila dunia kuziba. Bei yake ni kukosa ngao ya usumaku wa dunia, kwa hiyo chembe za kosmiki huendelea kukipiga bila kupumzika. Kila njia ina kelele zake, na mpangaji huchagua zile anazoamini ataweza kuzivumilia.

Kunasa kisichokamatika

Darubini ya kawaida hukusanya nuru kwa kioo. Gama hailazimishwi na kioo wala lenzi, hupenya. Kwa hiyo darubini ya gama ni kitambuzi cha chembe kilichopelekwa angani, na jinsi kinavyofanya kazi hutegemea nishati inayotafutwa.

Kwenye nishati za chini hutumika bamba zito lenye matundu yaliyopangwa kwa hesabu maalumu, likiwekwa mbele ya vitambuzi. Liweke chekeche juani, vivuli vyake hutua ukutani; jua likisogea, vivuli navyo husogea. Vivyo hivyo, kila chanzo cha gama hutupa kivuli chake juu ya vitambuzi, na kompyuta hukisoma kivuli hicho kinyumenyume mpaka ikajua nuru imetoka upande gani. INTEGRAL ilifanya kazi hivyo, na Swift, satelaiti ya NASA iliyorushwa Novemba 2004, hubeba bamba lenye vipande vya risasi takriban 52,000.

Kwenye nishati za kati, fotoni hugonga elektroni, huipa sehemu ya nishati yake, kisha hukengeuka na kugonga tena mahali pengine. Arthur Compton alieleza mgongano huo na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Mtu akipima kwa makini migongano yote miwili, anaweza kusema fotoni ilitoka mahali fulani kwenye duara fulani la angani. Moja haitoshi, nyingi zikipitishwa pamoja, maduara hukutana kwenye chanzo.

Kwenye nishati za juu kabisa, gama ikipita karibu na kiini cha atomu nzito hutoweka na kuacha chembe mbili, elektroni na positroni. Hapa inafaa tusogee karibu tuitazame fotoni moja ikiingia ndani ya darubini kuu ya Fermi, iliyorushwa tarehe 11 Juni 2008.

Kwanza inakutana na gamba la vigae 89 vya plastiki maalumu. Chembe yenye chaji ikipita kwenye kigae, kigae hung'aa na kutoa taarifa. Fotoni haina chaji, kwa hiyo inapita kimya, na ukimya huo ndio kitambulisho chake cha kwanza. Chini ya gamba hilo mna minara 16, minne kwa minne. Ndani ya kila mnara zimepangwa karatasi nyembamba za tungsteni, na kati yake tabaka za silikoni zenye mistari myembamba sana. Ndani ya karatasi moja ya tungsteni fotoni inakufa, na jozi ya chembe inazaliwa. Chembe hizo zinashuka tabaka kwa tabaka, zikiamsha mstari huu na ule wa silikoni, zikiacha mchoro wa herufi V iliyopinduliwa. Ncha ya V huonyesha fotoni ilikotoka. Chini kabisa ya kila mnara kuna vipande 96 vya fuwele za iodidi ya sezi. Jozi inaangukia humo, nishati yote inamwagika, na fuwele zinaipima. Upande, wakati na nishati: vitu vitatu vinavyohitajika vimeshapatikana, vyote kutoka kwa fotoni moja ambayo haipo tena.

Mambo kama hayo hutokea maelfu kwa sekunde, na karibu yote ni chembe za kosmiki zinazojipenyeza. Programu ndani ya chombo huchuja na kutuma duniani mia chache kwa sekunde. Ardhini huchujwa tena, na zinazobaki kuwa gama za kweli ni chache tu kwa sekunde.

Muundo huo umetokana na funzo. Compton, chombo kikubwa cha NASA kilichoitangulia Fermi, kilikuwa na kifaa kiitwacho EGRET, ambacho nacho kilivikwa gamba la plastiki la kukataa chembe zenye chaji. Gamba hilo lilikuwa kipande kimoja. Gama yenye nishati kubwa sana ilipopiga fuwele za chini, baadhi ya chembe zilirushwa nyuma zikaligusa gamba kutoka ndani, gamba likatoa taarifa, na gama halali ikakataliwa. Kadiri nishati ilivyopanda ndivyo EGRET ilivyozidi kuwa kipofu. Waliopanga Fermi walilikata gamba vipande vipande, ili chombo kiulize kigae kimoja tu, kile ambacho njia ya chembe inaelekea. EGRET ilitumia pia gesi iliyochakaa na kuhitaji kubadilishwa, na akiba ilipopungua ikabidi itumike kwa uchache. Silikoni ya Fermi, zaidi ya mita za mraba 70, haina kitu cha kuisha. Kwa maoni yangu, uamuzi huo wa kuondoa kila kinachoweza kuisha ndio uliozaa uhai mrefu wa Fermi kuliko uamuzi mwingine wowote.

Kinachoachwa chini

Compton ilianza mwaka 1977, NASA ilipowaalika wanasayansi kupendekeza vifaa vya chombo kikubwa cha gama. Vilichaguliwa vitano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bajeti ilibana, na kimoja kikaondolewa: kipimaspektra cha germaniamu, ambacho kingetofautisha nishati za gama kwa usahihi mkubwa. Vinne vilivyobaki viligawana kazi vizuri, kuanzia nishati za chini hadi za juu. Baadaye ajali ya chombo cha wanaanga cha Challenger, Januari 1986, ilisimamisha safari zote za aina hiyo, na Compton ilitegemea chombo kama hicho kupandishwa. Ilifika angani Aprili 1991, miaka 14 baada ya mwaliko, ikiwa na uzito wa takriban tani 17.

Kilichoachwa chini kiliacha pengo. Germaniamu ndiyo inayosoma alama mahususi za elementi. Nyota zinapolipuka huzalisha elementi zenye mionzi, na kila moja hutoa gama ya nishati yake maalumu. Kazi hiyo ilisubiri hadi INTEGRAL mwaka 2002, yenye vitambuzi 19 vya germaniamu vilivyopozwa hadi karibu digrii 190 chini ya sifuri. Chembe za kosmiki huvijeruhi vitambuzi hivyo pole pole. Wapangaji walilijua hilo, wakaweka ndani ya chombo utaratibu wa kuviponya: takriban kila miezi sita vilipashwa hadi zaidi ya digrii 100, fuwele zikajipanga upya, kisha vikapozwa tena. Kasoro iliyojulikana mapema iligeuzwa kuwa ratiba ya matengenezo. Mtindo huo ulikifikisha chombo hadi Februari 2025, miaka zaidi ya 22, ijapokuwa kilikusudiwa kufanya kazi miaka michache tu.

Kutazama wapi

Mwaka 1963 mataifa yalikubaliana kuacha majaribio ya nyuklia angani, na Marekani ikarusha satelaiti za kijeshi za kuchunguza kama mkataba unaheshimiwa. Tarehe 2 Julai 1967 satelaiti hizo zilinasa mmweko wa gama ambao haukufanana na bomu. Mimweko mingine ilifuata, na mwaka 1973 Ray Klebesadel na wenzake wa Los Alamos waliitangaza: ilitoka nje ya mfumo wa jua, ikidumu kwa sekunde chache kisha kutoweka.

Kwa mpangaji habari hiyo ilibadili kila kitu. Pulsari inaweza kusubiri; mmweko hausubiri. Anayeelekeza darubini upande mmoja kwa wiki mbili, kama EGRET ilivyofanya, hupata picha nzuri ya eneo hilo na kukosa yanayotokea kwingine. Kwa sababu hiyo Compton iliwekewa kifaa kingine, BATSE, vitambuzi vinane kwenye pembe zake nane, ili kuona anga lote lisilozibwa na dunia. Kwa miaka tisa BATSE ilirekodi mimweko 2,704, ikiwa imetawanyika sawasawa pande zote. Kama ingekuwa inatoka kwenye galaksi yetu, ingejazana kwenye ukanda wake. Mtawanyiko ule uliashiria umbali mkubwa mno, lakini haukuupima.

Jibu lilipitia Malindi. Tarehe 28 Februari 1997 BeppoSAX ilinasa mmweko, ikateremsha data, na wataalamu mjini Rome wakaufahamu upesi. Saa nane baadaye chombo kilikuwa kimeelekezwa pale pale, na darubini zake za eksirei zikaona masalia ya mmweko yakififia. Kwa mara ya kwanza dunia ilijua mahali mmweko ulipotokea, na darubini za ardhini zikapata pa kuangalia. Mei mwaka huohuo umbali wa mmweko mwingine ulipimwa: mabilioni ya miaka ya nuru. Swift ikapangwa kutokana na somo hilo. Hujigeuza yenyewe kuelekea kwenye mmweko kwa muda wa dakika moja au mbili, bila kungoja amri kutoka ardhini, na data zake hupokelewa Malindi.

Fermi ilichagua njia nyingine. Darubini yake kuu huona sehemu ya tano ya anga kwa wakati mmoja, na kwa kuinama kaskazini mzunguko huu na kusini mzunguko ujao, hupitia anga lote kila saa tatu. Hakuna anayelazimika kubashiri wapi pa kutazama. Tarehe 17 Agosti 2017 vitambuzi vya mimweko vya Fermi, pamoja na INTEGRAL, vilinasa mmweko mfupi sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya mvutano kufika duniani kutoka kwenye nyota mbili za nutroni zilizogongana, umbali wa takriban miaka milioni 130 ya nuru. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba migongano ya namna hiyo huzalisha elementi nzito, dhahabu ikiwamo. Ugunduzi huo uliwezekana kwa sababu miaka mingi kabla, mezani, mtu alishikilia kwamba chombo lazima kitazame kote.

Kupanga kuharibika

Kila chombo kitaharibika. Kinachoweza kupangwa ni namna kitakavyoharibika. SAS-2 ilikufa kwa hitilafu ya sehemu moja ya umeme, huku darubini yenyewe ikiwa nzima. COS-B ya Ulaya, iliyorushwa mwaka 1975, iliahidiwa miaka miwili ikafanya kazi zaidi ya sita.

Compton ilikaribia kukwama kabla hata haijaanza kazi. Mkono wa antena yake kuu ulikataa kukunjuka, na wanaanga Jerry Ross na Jay Apt wakatoka nje kuusukuma kwa mikono hadi ukaachia. Mwaka 1992 mashine zake za kurekodi ziliharibika, data zikawa zinapotea kila kilipokuwa mahali pasipo na mawasiliano, hadi kituo cha ziada kikawekwa Australia. Desemba 1999 moja ya jairo zake tatu, vifaa vya kukielekeza chombo, ilikufa. Chombo kilikuwa bado kinafanya sayansi nzuri, na watafiti wengi walitaka kiendelee. Lakini kilikuwa na tani 17 na sehemu ambazo zisingeungua zote angani. Jairo nyingine ikifa, uwezo wa kukiteremsha kwa usalama ungekuwa mashakani. NASA iliamua kukishusha kikiwa bado kinatii, na tarehe 4 Juni 2000 mabaki yake yaliangukia Bahari ya Pasifiki. Naamini ulikuwa uamuzi wa haki: hakuna ugunduzi unaolipia maisha ya mtu aliyeangukiwa na chuma asichokijua.

Fermi ilirushwa ikiwa na injini ndogo zilizowekwa kwa ajili ya siku yake ya mwisho tu. Mwaka 2012 hesabu zilionyesha kwamba ingekutana na Cosmos 1805, satelaiti mfu ya Kisovieti, mahali pamoja kwa wakati mmoja. Tarehe 3 Aprili injini zile, ambazo hazikuwa zimewahi kuwashwa, ziliwashwa kwa sekunde moja, na vyombo vikapishana. Tahadhari iliyopangwa kwa ajili ya mazishi iliokoa uhai. INTEGRAL nayo, mwaka 2015, ikiwa bado na miaka kumi ya kazi mbele yake, ilitumia sehemu ya mafuta yake kubadili njia ili irudi na kuungua angani mwaka 2029.

Pengo linalofuata

Kati ya nishati za chini zinazosomwa kwa matundu na zile za juu zinazosomwa kwa jozi za chembe, kuna eneo la katikati, karibu na elektrovolti milioni moja. Huko ndiko kelele zilikojaa kuliko kwingine kote, na tangu Compton iangushwe hakujawa na chombo kingine cha kulichora anga lote kwa ubora unaohitajika. Ndilo eneo lenye alama za elementi zinazozaliwa: alumini-26, inayooza kwa mamia ya maelfu ya miaka, na titani-44, inayooza kwa miongo michache. Humo mna pia gama ya elektrovolti 511,000, inayotokea elektroni na positroni zinapoangamizana. Katikati ya galaksi yetu gama hiyo humiminika bila kukoma, na mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana positroni zote hizo zinatoka wapi.

Chombo kinachopangwa kuliziba pengo hilo kinaitwa COSI. NASA ilikichagua mwaka 2021. Kinaongozwa na John Tomsick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kinapangwa kurushwa mwaka 2027. Kitabeba germaniamu na kufuata migongano ya Compton. Teknolojia yake ilijaribiwa kwanza chini ya puto kubwa: mwaka 2016 puto liliondoka Wanaka, New Zealand, likaelea siku 46, likatua Peru. Kwa sababu kelele za eneo hilo la nishati ni kali, wapangaji wake wameamua COSI izunguke juu ya ikweta. Itarushwa kutoka Florida, kwa hiyo roketi italazimika kutumia mafuta mengi ili kugeuza njia mpaka ikweta, na data zake zimepangwa kuteremkia Malindi. Zaidi ya nusu karne baada ya SAS-2, hesabu zinafikia jibu lilelile.

Roketi ya mwisho kutoka jukwaa la Ngomeni iliruka Machi 1988. Kituo cha nchi kavu kiliendelea, na Kenya imepiga hatua zake: Wakala wa Anga wa Kenya uliundwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyojengwa kwa ushirikiano na wenzao wa Rome, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Lakini kupokea data ni kazi moja, kuuliza swali linaloamua data zipi zikusanywe ni kazi nyingine. Anayeuliza swali ndiye anayechagua nishati, njia, uzito na uhai wa chombo, na kiti hicho hupewa aliyekwisha kuonyesha kwamba anaujua uwanja.

Uwanja huo uko wazi leo. Data za Fermi hutolewa bure kwa yeyote, pamoja na programu za kuzichambua, na kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi inaweza kuanza kazi. Orodha yake ya vyanzo imepita 7,000, na karibu theluthi moja bado havijaunganishwa na kitu chochote kinachojulikana. Mwanafunzi wa Dodoma, Mombasa au Bujumbura anayekitambua kimoja kati ya hivyo, akaeleza kwa ushahidi kwa nini vyombo vilivyopo havikutosha, tayari ameandika ukurasa wa kwanza wa mpango wa chombo kijacho. Idara zetu za fizikia zinaweza kuianza kazi hiyo mwaka huu, bila kungoja roketi yoyote.